Mize, Panzi Aliyevuka Korongo

Paukwa!

— Pakawa!

Wameitikia wa mbele tu. Ninyi wa nyuma mmelala? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Mwenye mtoto ampakate. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana nikianza sisimami.

Hapo zamani za kale, wakati mlima ulikuwa bado na hasira za utoto, palikuwa na uwanda wa majani. Majani marefu, majani mabichi, majani mpaka macho yachoke. Ndani ya majani hayo waliishi panzi. Kabila moja tu la panzi. Wengine wa kijani, wengine wa kahawia, wengine weusiweusi, lakini wote wamoja. Walikula pamoja, wakaoana, wakazikana. Na wimbo wao ulikuwa mmoja. Jua likipanda, panzi dume anausugua mguu wake kwenye bawa, anaita:

Kriii, kriii, nani yuko?

Na jike anajibu kutoka majanini:

Kriii, kriii, mimi niko.

Basi siku moja mlima ukakohoa. Ukakohoa tena. Puuu! Ukatapika uji wa moto. Uji ukashuka polepole, mwekundu, mzito, shshshsh, ukapita katikati ya uwanda. Majani yakaungua. Uji ukapoa, ukawa mawe. Mawe meusi ti! Upande ule mawe meusi, upande huu majani mabichi, na katikati kinjia chembamba cha nyasi kilichosalimika.

Mvua zikaja, zikapita. Vijimea vikaota kwenye nyufa za mawe. Panzi wakavipenda. Wakapita kile kinjia, wakala. Wengine wakarudi, wengine wakahamia hukohuko.

Sasa, juu ya mti wa miiba alikaa Mbwigu. Mnamjua Mbwigu? Ni ndege mdogo. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, utadhani kavaa nguo za arusi. Lakini mdomo wake umepinda kama ndoana. Na akishiba haachi kuwinda. Anamtundika panzi kwenye mwiba, kama mtu anavyotundika nyama, amle baadaye.

Mbwigu akitazama mawe meusi, anamwona nani?

— Wa kijani!

Tap! Akitazama majani mabichi, anamwona nani?

— Mweusi!

Tap! Naona mna akili.

Lakini kinjia kilikuwa wazi. Kijana wa kijani akisikia wimbo wa binti wa mawe, anaruka, anakwenda kuoa. Binti wa mawe akiolewa majanini, anakwenda na weusi wake. Wakizaa, wanazaa wa kila rangi. Mbwigu anapunguza, kinjia kinaleta. Mbwigu anapunguza, kinjia kinaleta. Kwa hiyo mawe hayakupata kuwa na weusi watupu, wala majani hayakupata kuwa na wa kijani watupu. Panzi wakabaki kabila moja.

Mpaka ilipokuja ile mvua kubwa. Maji yalishuka mlimani kwa kishindo, yakala udongo wa kinjia, yakaula, yakaula, mpaka pakawa korongo. Sisemi korongo yule ndege wa miguu mirefu. Nasema korongo la maji, shimo refu lenye kuta mbili. Panzi akiruka, hafiki ng'ambo. Huku wakabaki huku, kule wakabaki kule.

Mvua hata mvua, Mbwigu akaendelea kula. Sasa hapakuwa na kinjia cha kuleta. Mawe yakabaki na weusi. Majani yakabaki na wa kijani. Na kule maweni upepo ni mkali, wimbo mrefu unapeperushwa njiani kabla haujafika. Aliyeimba kwa mkato ndiye aliyesikika, na aliyesikika ndiye aliyepata mke. Watoto wake nao wakaimba kwa mkato. Wimbo wa mawe ukawa hivi:

Tok! Yuko? Tok! Niko!

Hakuna mfalme aliyetoa amri. Hapakukaa kikao. Ilikuja kidogo kidogo, na hakuna aliyeiona ikija.

Ndipo akazaliwa Mize.

Mize alizaliwa majanini, kijani kama jani bichi la kunde. Mama yake aliitwa Bi Siwatu. Mize alikuwa binti wa kuulizauliza. Jioni alipanda kwenye ncha ya jani refu kuliko yote, akatazama ng'ambo ya korongo, akasikia kwa mbali: tok, tok, tok.

"Mama, wale ni nani?"

"Ni mawe, mwanangu. Mawe yanapasuka kwa baridi."

"Mawe yanajibizana, mama?"

"Shuka hapo juu, Mbwigu asije akakuona!"

Mize alishuka. Lakini alipanda tena, na tena. Na siku aliyopanda akiwa na njaa na usingizi, ukaja upepo wa vumbi, ule unaozunguka kama pia. Vuuu! Ukalikunja jani. Ukamnyanyua Mize. Akafungua mabawa, mabawa hayakumsaidia. Akaliona korongo likipita chini yake. Kisha, pa! Akaanguka kwenye jiwe jeusi.

Alikaa pale kizunguzungu kinamzunguka. Jiwe lilikuwa la moto. Hapakuwa na jani la kujifunika. Akajitazama, akaona jinsi alivyong'aa pale juu, akaogopa.

"Tok! Ingia!"

"Nani?"

"Ingia ndani, bibie! Unawaka kama taa!"

Kabla hajajibu, kitu kikamsukuma kwa ubavu. Akaporomoka ndani ya ufa wa jiwe. Juu yao kivuli kikapita, fyuu, na mdomo ukagonga jiwe, tap! Ukakosa.

Aliyemsukuma alikuwa panzi mweusi, mweusi kama jiwe lenyewe, hata Mize aliona macho yake kwanza ndipo akaona mwili. Jina lake Vuai.

"Umeumia?" Vuai aliuliza. Maneno yake yalikuwa mafupi mafupi, kama mtu anayevunja vijiti.

"Sijaumia. Mbwigu hakukuona wewe?"

"Mimi hanioni. Nimezaliwa hapa, nitafia hapa. Wewe umetoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo kuna watu?" Vuai alishangaa. "Sisi tunaambiwa ni majani yanasuguana kwa upepo."

Mize akacheka. Hofu na kicheko vikatoka pamoja.

Basi wakakaa. Asubuhi ukungu ukiwa mzito, Mize alitoka kunyoosha miguu. Ukungu ukiinuka, alirudi ufani, na Vuai akamletea vijimea. Siku za mwanzo Vuai aliimba wimbo wake, tok, tok, na Mize alikaa kimya kwa kuwa hakujua kama anaitwa. Mize naye akaimba, kriii, na Vuai akadhani anaumwa tumbo. Lakini walikuwa na muda. Vuai alijifunza kuvuta sauti, akaivuta vibaya, ikakwaruza. Mize alijifunza kukata, akakata mahali pasipokatwa. Wakachekana mpaka wakapendana, wakaoana. Mize akataga mayai kwenye udongo kidogo uliokuwa chini ya ufa.

Mvua ikanyesha. Mayai yakapasuka. Wakatoka watoto.

Watoto wale hawakuwa wa kijani. Hawakuwa weusi. Walikuwa na madoadoa: hapa weusi, hapa kijani kilichopauka, hapa kijivu kama jivu la jikoni. Mize aliwaona wazuri kuliko vyote alivyowahi kuviona. Yule wa kwanza, aliyewatangulia wenzake kutoka, akamwita Kidoa.

Watoto wakatoka kucheza juani.

Tap!

Mbwigu alishuka, akapanda na mmoja. Mize hakuwahi hata kupiga kelele. Kesho yake, tap! Keshokutwa, tap! Kwenye jiwe jeusi lile doa la kijani lilimwita Mbwigu toka mbali. Vuai aliwalalia watoto kwa mwili wake, lakini mwili wake ulikuwa mmoja, nao walikuwa wengi.

Majirani wakaja. Hawakuja kwa ubaya. Walikaa mlangoni pa ufa, wakatazamana, kisha mmoja akasema:

"Shemeji, pole. Watoto wako wanapendeza. Lakini Mbwigu akiwafuata wao, anatukuta na sisi. Jana mjomba wangu alikuwa anapita tu."

 Walipoondoka, Mize akamwambia mumewe:

"Nawapeleka kwa mama. Kule majani ni mengi, watajificha."

"Utavukaje?"

"Kuna mti umeangukia korongo, kule juu. Nimeuona wakati wa ukungu."

"Twende wote," Vuai akasema.

"Mume wangu, kule kwetu wewe ndiye utakayewaka."

 Vuai akawasindikiza mpaka kwenye shina la ule mti, akawagusa watoto mmoja mmoja kwa vipapasio vyake. Kisha akarudi nyuma, akakaa jiweni, akapotea machoni ingawa alikuwa hajaondoka.

Mize na watoto wakavuka. Mti ulikuwa umeliwa na mchwa, ukitoa vumbi kila wanapokanyaga.

Bi Siwatu alipomwona binti yake alianguka.

"Mize! Mwanangu! Sisi tulikwisha kukulilia, tukaanua matanga!"

"Nipo, mama. Nimekuletea wajukuu."

Bi Siwatu akawatazama wale wa madoadoa.  Kisha akafungua mabawa. "Njooni, baba zangu. Njooni, mama zangu." Akawalisha majani mateke, yale laini ya ndani kabisa. Watoto walikuwa hawajawahi kula kitu kitamu vile.

Lakini jani bichi halina doa jeusi. Jua lilipopanda, wale watoto wakaonekana kama matone ya lami. Fyuu! Bi Siwatu aliona kivuli, akajitupa juu ya Kidoa, akamfunika. Aliyekuwa kando yake akachukuliwa.

Jioni Bi Siwatu alikaa na binti yake, hataki kumtazama usoni.

"Mwanangu, wajukuu hawa ni damu yangu. Nitawafunika mpaka nife. Lakini nikishakufa, nani atawafunika?"

 Rohoni Mize aliona mambo mawili tu: kule wanaonekana, huku wanaonekana. Akawachukia Mbwigu, na mawe, na majani. Akauchukia upepo. Asubuhi yake akawaacha watoto kwa bibi yao, akatambaa chini kwa chini mpaka kwenye mti wa miiba. Shinani palikuwa na tundu. Akaingia, akafika ndani kabisa. Juu ya kichwa chake, kwenye miiba, walining'inia panzi. Hakuwatazama.

"Mbwigu!"

"Nani huyo ananiita mchana kweupe?"

"Mimi mama wa hawa uliowatundika."

Mbwigu akainamisha kichwa, akatafuta kwa jicho moja, kisha kwa jingine. "Toka nikuone."

"Nikitoka utanila."

"Hilo kweli," akasema Mbwigu. Hakuwa mwongo.

"Wanangu wamekukosea nini?"

"Hawajanikosea."

"Unawachukia kwa madoa yao?"

"Mama, mimi sina chuki na mtu. Nina makinda nyumbani yamefumbua midomo. Namla ninayemwona. Nisiyemwona, simjui hata kama yupo. Wanao kule maweni nawaona, huku majanini nawaona. Sichagui mimi. Mahali ndipo panaponionyesha."

"Na mahali pasipokuonyesha?"

Mbwigu akafuta mdomo wake kwenye tawi, upande huu, upande huu. "Hapo nalala na njaa," akasema, akaruka.

Mize alibaki ndani ya tundu muda mrefu. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini sasa hakujua aielekeze wapi. Maneno ya Mbwigu yalimkaa: mahali ndipo panaponionyesha.

Alirudi, akamuaga mama yake. Walilia wote wawili. Akawachukua watoto waliobaki, akaupanda ule mti ulioangukia korongo, awarudishe kwa baba yao, maana hakuona pengine pa kuwapeleka. Walipofika ng'ambo, upande wa mawe, wakashuka ukingoni.

Ukingo ule hakuna aliyekaa. Mawe yalikuwa yamemomonyoka, vipande vidogo vidogo. Katikati yake nyasi zilizopauka, na ukoga wa kijivu, na majani makavu, na vivuli. Panzi weusi waliona ni pachafu, wa kijani waliona ni pakavu. Mize alipita haraka, kisha akageuka kuwahesabu watoto.

Hakuona hata mmoja.

"Kidoa!"

Kimya.

"Kidoa! Wanangu! Jamani, wanangu!"

"Mama, mbona unapiga kelele? Niko hapa."

"Wapi?"

"Mbele ya mguu wako."

Mize akatazama mbele ya mguu wake. Aliona jiwe, ukoga, jani kavu. Kisha ukoga ukapepesa jicho. Na pale pembeni jani kavu likacheka, na kijiwe kikacheka, na kivuli kikacheka. Watoto wote walikuwepo. Walikuwa wamekaa peupe kabisa, na mama yao mzazi hawaoni!

Mize akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Akiwa bado analia, kivuli kikapita. Mbwigu! Akatua juu ya jiwe, katikati ya watoto. Akatazama huku, akatazama huku. Kidoa alikuwa karibu naye, lau angepumua kwa nguvu angemgusa. Mbwigu akatikisa mkia. Hakuona kitu.

Kisha akamwona Mize, kijani kibichi juu ya ukingo mkavu.

Tap!

Mize aliruka. Aliruka kama hajawahi kuruka, akaangukia kichaka kidogo cha majani kilichoota mdomoni mwa korongo. Mguu wake mmoja wa nyuma ulibaki kwa Mbwigu. Alijikunyata ndani ya kijani cha kichaka, akatweta, akasikia mabawa yakienda zake.

"Mama!" Kidoa akaita. "Mama, uko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu. Msinifuate. Kaeni hapohapo mlipo."

Na hivyo ndivyo walivyokaa. Watoto ukingoni. Mize kichakani, maana ndipo pekee alipoweza kujificha. Vuai maweni, upande wa pili wa ukingo, maana ukingoni naye alionekana, kama nazi iliyoungua juu ya mchanga. Asubuhi Vuai alisema tok, na Mize akajibu kriii, na wimbo wao ukapita juu ya vichwa vya watoto wao.

Kumbe Mize hakuwa wa kwanza kupeperushwa. Upepo ulikuwa umewarusha wengine, huku na kule, wakazaa kama yeye alivyozaa. Watoto wao wenye madoa, wale waliomponyoka Mbwigu, walikuwa wakihangaika kila mahali. Siku moja mmoja akafika ukingoni, akatulia. Kisha mwingine. Walipokua wakaanza kuimba, na wimbo wao ulianza kama wa majani ukaisha kama wa mawe:

Kriii-tok! Kriii-tok!

Kijana mmoja wa kijani alipitia kwenye ule mti, akaja kumposa Kidoa. Akaimba kwa madaha, akavuta, akavuta.

"Mama," Kidoa akauliza, "huyu anaimba nini? Mbona hamalizi?"

Akaja kijana mweusi kutoka maweni. Tok! Tok!

"Na huyu," akasema Kidoa, "mbona haanzi?"

Mize alicheka, lakini aliposikia Vuai hacheki upande wa pili, naye akaacha. Wote wawili walikuwa wameelewa: wimbo wa kwao haukuwa tena wimbo wa mwana wao. Kidoa akaolewa na kijana wa madoadoa, aliyeanza na kumaliza kama yeye.

Mchwa wakaendelea na kazi yao. Mti ukavunjika, ukaporomoka korongoni, na hakuna aliyevuka tena. Jua kali likaja, Vuai akafa, kama panzi wafavyo, bila makelele. Mize alingoja tok ya asubuhi, hakuisikia. Akaimba kriii yake hata hivyo, siku ile na zilizofuata. Watoto wa ukingo waliisikia. Wadogo waliuliza ni kitu gani kile, wakubwa wasiomjua wakasema ni upepo kwenye kichaka.

Mize alijaliwa umri. Asubuhi moja binti mdogo wa madoadoa, mtoto wa Kidoa ambaye hakuwahi kuonyeshwa bibi yake, alikuja kichakani kutafuta unyevu. Akamwona yule panzi mzee wa kijani, mwenye mguu mmoja wa nyuma. Akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mgeni. Umetoka mbali?"

Mize alimtazama. Aliyaona madoa ya Kidoa, macho ya Vuai. Alitaka kumwambia kwamba yeye ni bibi yake. Akaitikia tu kama mgeni.

"Marahaba, mwenyeji. Nimetoka ng'ambo."

"Jihadhari, bibi. Huku kwetu unaonekana sana."

"Najua, mwenyeji. Ahsante."

Binti akalamba umande kwenye jani, akaaga, akaruka kurudi ukingoni. Mize akainua kichwa kumtazama anapotua. Akatafuta kwenye mawe, akatafuta kwenye nyasi. Hakumwona. Akamshukuru Mungu kwa kutomwona.

Basi, wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: ndugu wanabaki ndugu maadamu njia iko wazi, wanakwenda na kurudi, wanaoa na kuolewa. Njia ikikatika, kila mahali panawalea wake kwa namna yake, taratibu, bila ugomvi na bila amri ya mtu, hata ifike siku ya kuitana wageni. Na yule anayeonekana hafai huku wala hafai kule, msimcheke. Pengine hajafika tu mahali pake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyesinzia akaulizie kwa mwenzake.